Theluthi ya Juu

Kila ifikapo mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa mvua za vuli, zile za Oktoba hadi Desemba. Taarifa hiyo huanza ikiwa na ramani, rangi na asilimia, lakini inapomfikia msikilizaji wa redio mjini Kiserian huwa imebaki sentensi moja: Kajiado itapata mvua ya juu ya wastani. Mfugaji anayeisikia ana mambo ya kuamua kabla ya siku ya mnada. Auze madume sasa au angoje yanenepe? Anunue marobota ya nyasi wakati bei bado iko chini, au pesa hizo alipe karo? Sentensi ile haimfai kwa lolote kati ya hayo, kwa sababu mawili aliyoyaandika mtaalamu yamepotea njiani: kwanza, kwamba anasema juu ya uwezekano, wala si ahadi; pili, kwamba kipimo chake si wastani.

Kipimo chenyewe wataalamu hukiita kwa Kiingereza tesaili, neno lenye asili ya Kilatini lihusulo sehemu ya tatu. Chukua mvua ya vuli iliyopimwa katika kituo kimoja kwa miaka 30, tuseme tangu 1991 hadi 2020, kipindi ambacho Shirika la Hali ya Hewa Duniani linakitumia kuwa msingi wa ulinganisho. Ipange miaka hiyo kuanzia uliokuwa mkavu kuliko yote hadi ule wa mvua nyingi kuliko yote. Miaka 10 ya mwanzo ndiyo fungu la chini, 10 inayofuata fungu la kati, na 10 ya mwisho fungu la juu. Asiyejua lolote kuhusu msimu ujao atayapa mafungu yote matatu nafasi sawa, asilimia 33 na kidogo kila moja. Kazi ya mtabiri ni kuzisogeza nafasi hizo kwa ushahidi alio nao, na ushahidi mkubwa uko baharini: joto la Pasifiki, na tofauti ya joto kati ya Bahari ya Hindi upande wetu na upande wa Indonesia. Maji ya upande wetu yakipata joto kuliko kawaida na yale ya huko yakapoa, vuli ya Afrika Mashariki huelekea kuwa na mvua nyingi. Tangu 1998 wataalamu wa Pembe ya Afrika wamekuwa wakikutana kabla ya misimu kulinganisha hesabu hizi, na kituo cha jumuiya ya kikanda ya IGAD kinachoongoza kazi hiyo, ICPAC, kiko Ngong, jirani kabisa na Kiserian.

Tuseme basi hesabu zimetoka hivi: 45 kwa fungu la juu, 30 kwa la kati, 25 kwa la chini. Hapo ndipo tunapoambiwa “juu ya wastani”. Lakini 45 kati ya 100 maana yake ni kwamba nafasi ya mvua kutofika fungu la juu ni 55. Utabiri wa namna hiyo ukitolewa mara 20, mtabiri hodari ataona fungu la juu likitimia mara 9 hivi, na mara 11 lisitimie. Tena likitimia mara zote 20, mtabiri huyo amekosea, kwa kuwa nafasi halisi ilikuwa kubwa kuliko aliyoisema. Mfugaji aliyepewa sentensi bila namba ataziita zile mara 11 uongo, na katika maneno aliyoyasikia hakuna la kumpinga.

Neno “wastani” linaongeza tatizo. Katika nchi kavu kama Kajiado, miaka michache ya mvua za kupindukia huuvuta wastani juu, hata ikawa zaidi ya nusu ya miaka iko chini yake. Mafungu ya mtabiri hayako hivyo: kila moja lina miaka 10, basi. “Kawaida” nalo halifai kwa fungu la kati, kwa maana miaka 20 kati ya 30 ingekuwa si ya kawaida. Isitoshe, msimu ukiisha, Idara hueleza mvua iliyonyesha kwa kuilinganisha na wastani wa miaka mingi, pia kwa asilimia. Ndiyo maana wako wanaosikia “asilimia 45” wakadhani mvua itazidi kwa kiasi hicho, na wengine wakadhani itapungua hadi chini ya nusu. Nafasi na kiasi vimevishwa nguo moja. Na kiasi chenyewe hutegemea mahali: mvua ya fungu la juu kule Magadi inaweza kuwa ukame mkali kwa mkulima wa miteremko ya Ngong.

Kwa hiyo napendekeza tuseme theluthi ya juu, theluthi ya kati na theluthi ya chini. Neno theluthi si geni. Tangu Katiba ya 2010, Mkenya anayesikiliza habari amelisikia katika mjadala wa jinsia bungeni hadi akalichoka. Wastani tuliachie kazi yake halisi ya kupima kiasi.

Gharama ya kuacha namba imeonekana. Baada ya mvua za Elinino za 1997, jina hilo liligeuka kuwa neno la mafuriko. Mwaka 2015 Elinino, yaani lile joto la Pasifiki likizidi kawaida, ilikuwapo kweli, lakini mvua nchini haikufanana na ile ya 1997, na wengi wakasema tumedanganywa. Mwaka 2019 vuli ilikuja na mvua kubwa mno, na safari hii chanzo kikuu kilikuwa Bahari ya Hindi. Oktoba 2023 Rais William Ruto aliwaambia Wakenya kwamba mvua zingekuwa nyingi ila zisingefikia kiwango cha maangamizi. Kabla Novemba haijaisha, mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100. Mabishano yote yalikuwa “Elinino ipo au haipo”, ilhali swali la maana lilikuwa nafasi imepanda kiasi gani.

Yako mapingamizi. Wengine watasema mfugaji hataki hesabu, anataka jibu. Namwona mfugaji huyo vingine. Wazee wa Kimaasai hutazama kilimia, maua ya miti na matumbo ya mnyama aliyechinjwa, wakapima dalili moja kwa nyingine. Na mwenye ng'ombe wengi huwagawa kwa jamaa na marafiki wa sehemu mbalimbali, ili ukame wa mahali pamoja usimmalize. Huko ni kufanya uamuzi kwa uwezekano, na kumefanywa vizazi vingi kabla ya kompyuta. Mtu wa namna hiyo akiambiwa theluthi ya chini ina nafasi 25, yaani mara moja katika nne, anajua aweke nyasi kiasi gani.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba namba zinampa mtabiri mlango wa kutorokea: lolote likitokea, alikuwa amelisema. Kwa msimu mmoja ni kweli, siwezi kulikana. Lakini kwa miaka mingi mambo hugeuka. Kusanya kila mara aliposema 45, hesabu zilizotimia, na uhodari wake au udhaifu wake utaonekana. Sentensi isiyo na namba ndiyo isiyokaguliwa kamwe. Kuhusu redio kukosa muda, “nafasi 45 theluthi ya juu, 30 ya kati, 25 ya chini” inasemwa kwa pumzi moja.

Theluthi ya juu nayo haisemi yote. Inahesabu mvua ya miezi mitatu kwa jumla. Haisemi itaanza lini, wala kama nusu yake itashuka kwa siku chache. Wakazi wa Kitengela waliozingirwa na maji mwanzoni mwa Mei 2024 walihitaji tahadhari ya siku na saa, ambayo ni kazi ya utabiri wa muda mfupi. Tusiudai utabiri wa msimu jambo usiloweza kutoa.

Kwa Idara na kwa wahariri wa redio za Kiswahili na Kimaa, ombi langu ni moja: taarifa ijayo ya vuli isomeni pamoja na namba zake tatu. Nawe msikilizaji, ukiambiwa “juu ya wastani” peke yake, piga simu studio uulize zile namba tatu ni ngapi.