Koleo, Gango na Jiliwa: Lugha ya Kushika katika Karakana za Waswahili



Utangulizi

Historia ya Kiswahili imezoeleka kuandikwa kutokana na tenzi, nyaraka na taarifa za wasafiri. Lugha ya karakana nayo ni hazina ya historia hiyo, ingawa haijachimbwa vya kutosha. Mhadhara huu unachunguza sehemu yake ndogo, yaani majina ya zana zinazoshika kitu ili kiweze kukatwa, kutobolewa, kuchongwa au kupigwa tupa. Hoja yangu ni kwamba majina ya zana hizo yamekuja kwa matabaka, mengine yakitoka ng'ambo, ilhali vitenzi vya kushika vimebaki vyetu. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa wanaounda istilahi za ufundi na kwa vijana wanaojifunza kazi.

Mkono wa tatu

Kazi ya ufundi huhitaji nguvu mbili kwa wakati mmoja: ya kukata na ya kuzuia. Mkerezaji anayetumia keezo ya uta huvuta uta kwa mkono mmoja, hushika patasi kwa mkono wa pili, na huituliza ncha yake kwa vidole vya mguu. Mguu hapo umekuwa mkono wa tatu. Zana zote tutakazozitaja zilibuniwa ili kuupata mkono huo.

Mhunzi aliupata katika koleo. Neno hili tunaweza kulihusisha na kitenzi kolea, ambacho hubeba wazo la kushika au kuingia barabara: chumvi hukolea katika mchuzi, rangi hukolea katika nguo, moto hukolea katika kuni. Koleo la mhunzi ni chombo kinachokishika chuma cha moto kikashikika. Gango nalo limetokana na ganga, kitenzi chenye maana ya kufunga na kuunga kilichovunjika, na pia kutibu. Kwa hiyo gango linalounga mbao mbili na mganga anayeunga mfupa ni watoto wa kitenzi kimoja. Tunaposema kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, tunatumia kitenzi ambacho seremala naye ana haki nacho.

Kabari ni ndugu wa zana hizi. Fundi huitumia kupasulia gogo. Lakini akiichomeka kati ya ubao na kizuizi kilichokazwa juu ya benchi, kabari ileile hugeuka kuwa chombo cha kubania. Mshiko wake hutokana na msuguano: mteremko wake ukiwa mdogo, kabari iliyopigwa nyundo hairudi nyuma yenyewe.

Parafujo na jiliwa

Tabaka la pili linaonekana katika neno parafujo, lililotoka katika parafuso la Kireno. Vasco da Gama alifika pwani yetu mwaka 1498. Ujenzi wa Ngome ya Yesu, Mombasa, ulianza mwaka 1593, na ngome hiyo ikatwaliwa na Waomani mwaka 1698. Maneno kama meza na bendera ni mabaki ya makutano hayo, na parafujo ni mwenzao.

Kimsingi, parafujo ni kabari iliyozungushwa kwenye mhimili. Huko Ulaya mashinikizo ya parafujo yalijulikana tangu karne ya 1, wakati wa Warumi. Jiliwa la parafujo kwa ajili ya benchi la fundi lilionekana baadaye sana: hati ya Martin Löffelholz wa Nuremberg, ya mwaka 1505, ina mchoro wa benchi lenye chombo cha aina hiyo. Tuchukue jiliwa ambalo mpini wake unashikwa milimita 200 kutoka katikati ya parafujo, na ambalo taya lake husogea milimita 5 kwa kila mzunguko. Mkono utasafiri milimita 1,257 hivi ili taya lisogee milimita 5, yaani uwiano wa takriban 250 kwa 1. Sehemu kubwa ya faida hiyo huliwa na msuguano. Hata hivyo, msuguano huohuo ndio unaolizuia jiliwa kujifungua pindi mkono unapouacha mpini.

Kwa muda mrefu kila karakana ilikata hesi zake kwa namna yake. Mnamo mwaka 1800 Henry Maudslay wa Uingereza aliunda keezo iliyoweza kukata hesi zilizo sawa, na mwaka 1841 Joseph Whitworth akapendekeza hesi za kipimo kimoja zenye pembe ya nyuzi 55. Usanifishaji huo uliwezesha mashine kutengenezwa mbali na zilikoundwa, jambo lililokuwa na maana kubwa reli ilipofika kwetu. Reli kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Ile ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma ilijengwa kati ya mwaka 1905 na 1914. Reli zilihitaji karakana, neno ambalo lenyewe lina asili ya Kiajemi na lilienea sana Bara Hindi. Baadaye mafundi wetu walizoea kusema spana, bolti, nati na vaisi. Kamusi huandika jiliwa, au pengine jiriwa, lakini vijana wengi katika karakana husema vaisi.

Kitenzi hakikukopwa

Yapo maoni kwamba vaisi inatosha, na yapo mengine kwamba neno hilo lifukuzwe. Yote mawili yanautazama ugeni wa neno tu. Parafujo lilikuwa geni vilevile, na leo hakuna anayelidai pasi ya kusafiria. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba fundi anayesema vaisi hajakopa kitenzi pamoja na jina. Husema: kiegemeze, kibane, kikaze.

Vitenzi hivyo vitatu vina mantiki ya kihandisi. Kitu kilicho huru kina miendo sita: mitatu ya kwenda moja kwa moja na mitatu ya kuzunguka. Ili kikae mahali pake, huwekewa ncha tatu chini, mbili ubavuni na moja mwishoni. Huko ndiko kuegemeza. Kisha hubanwa ili kisiziache ncha hizo, na hukazwa kwa kiasi cha kuishinda nguvu ya ukataji. Kikibanwa kabla ya kuegemezwa sawasawa, huweza kukatwa kikiwa kimepindishwa. Kikifunguliwa, hurudia umbo lake na vipimo hupotea.

Hapa ndipo penye hasara. Nchini Tanzania Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia elimu ya msingi tangu mwaka 1967, lakini sekondari imebaki na Kiingereza. Mwanagenzi wa Gerezani anayejua kuegemeza, kubana na kukaza anaweza kushindwa kulijibu swali linalouliza jambo hilohilo kwa Kiingereza. Atahesabiwa kuwa hana nadharia, ilhali nadharia imo katika vitenzi vyake.

Juhudi za istilahi zimekuwapo. TUKI iliundwa mwaka 1964 na BAKITA mwaka 1967, na mwaka 1987 Rajmund Ohly alitoa kamusi ya awali ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili. Kazi kama hizo huanza na orodha ya majina ya Kiingereza. Napendekeza tuanze pia kutoka upande wa pili: tukusanye kwanza vitenzi vya mafundi wa Gerezani na Kamukunji, ndipo tuyatafutie majina nafasi yake. Jiliwa na vaisi viingizwe kamusini kama visawe. Gango lirudishiwe kazi ambayo klampu inaifanya sasa. Sehemu za zana ziitwe kwa majina ya mwili, kama taya, ambayo mwanagenzi huyaelewa bila kufafanuliwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba koleo, gango, parafujo, jiliwa na vaisi ni kumbukumbu za mikutano ya watu kwa karne nyingi. Tumeona pia kwamba chini ya majina hayo upo mfumo wa vitenzi unaoeleza kwa usahihi namna ya kukituliza kitu kinachofanyiwa kazi. Mfumo huo ndio msingi ambao istilahi zetu za ufundi zinapaswa kujengwa juu yake, na walimu wake wako karakanani. Wanafunzi wa isimu mnaotafuta mada za tasnifu, nendeni huko na madaftari yenu wangali wakitumia maneno hayo.