Usukani wa Mbao na Mti Usio Mwaloni

Kwa baharia wa Lamu wa enzi za matanga matupu, "usukani wa mbao" lingekuwa jina lenye neno moja la ziada. Usukani wote ulikuwa wa mbao. Ulikuwa ubao mpana uliofungwa nyuma ya chombo, sehemu yake kubwa ikiwa chini ya maji, na hapo ndipo mwendo wa jahazi ulipoamuliwa. Neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu, wanaosema sukkān, nalo likakaa pwani hadi likazaa methali: chombo cha kuzama hakina usukani. Leo neno hilo linasemwa Embu na Meru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na watu ambao wengi wao hawajawahi kukanyaga sitaha. Wanapotaja usukani wa mbao wanamaanisha duara la mti na alumini lililo mbele ya kifua cha dereva, hasa katika gari la zamani ambalo mwenyewe ameamua kulirudishia heshima yake.

Safari ya neno hili kutoka majini hadi garini ina jambo ambalo halijazungumzwa vya kutosha. Katika chombo, usukani haukuwa kile kinachoshikwa na mkono. Mkono ulishika kana, yaani ule mti wa mlalo uliochomekwa kwenye kichwa cha usukani ili kuugeuza. Wengine waliuita usukani wenyewe shikio. Mabaharia walikuwa na majina ya kila sehemu: kilicho majini, kilicho mkononi na kinachounganisha. Gari lilipofika, tulichukua jina la ubao wa majini tukalipa duara la mkononi, na kana ikabaki ufukweni. Kwa usahihi wa kale, dereva hushika kana, na usukani wa gari ni zile tairi mbili za mbele zinazoikata njia. Sidai turudi huko. Lugha ikishakubaliana imekubaliana, na leo hata anayetawala nchi tunasema ameshika usukani. Lakini mwandishi wa kamusi ya ufundi akikosa jina la mkono wowote unaogeuza mtambo, namwomba akumbuke kana kabla ya kuazima kwingine. Neno lipo na halina kazi.

Ng'ambo ya pili ya bahari mambo yamekwenda vivyo hivyo. Waarabu wengi wa Ghuba, watu wa majahazi kama sisi, nao huliita duara la gari sukkān. Wao na sisi tulitazama mashine moja mpya, kila mmoja katika lugha yake, tukachagua jina lilelile kutoka kwenye chombo kilekile. Hiyo ndiyo hoja yangu katika makala haya: Kiswahili kina ghala la majina ya vitu vya mti na vya bahari, na kazi ndogo kama kumfungia mtu usukani wa mbao inatosha kuonyesha kwamba ghala hilo halijafunguliwa hata nusu.

Ni kazi inayostahili kufanyika Embu na Meru kuliko mahali pengi. Barabara inayoziunganisha hupita Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu, na njiani hukutana na mito ya mlima mmoja baada ya mwingine: Thuci, Nithi, Mutonga. Kila mto umechimba bonde lake, kwa hiyo barabara ya zamani haikuwa na namna ila kushuka, kupinda, kuvuka na kupanda tena. Mbio za magari za Safari, zilizoanza mwaka wa 1953, zilipozunguka Mlima Kenya zilipita pande hizi, na mikono ya madereva ilikuwa na kazi tele. Mwaka wa 1971 Edgar Herrmann alishinda mbio hizo kwa Datsun 240Z, na mwaka wa 1973 Shekhar Mehta akashinda kwa gari la aina hiyohiyo. Ni gari fupi la watu wawili lenye pua ndefu, na lilitoka kiwandani likiwa na usukani wenye sura ya mbao na spoku tatu za chuma. Tangu 2003 magari ya namna hiyo yamekuwa na mashindano yao yenyewe hapa Kenya, ambayo jina lake la Kiingereza huyasifu kwa uzee wao.

Tumwite nani mzee huyu wa chuma? Wengi husema gari kuukuu, na wanalionea. Kuukuu ni nguo iliyochakaa na kiatu kilichopasuka soli. Gari la kale ni afadhali, ila kale ni ya waliokwisha kupita, na gari hili bado linatembea. Neno ninalolipenda ni kongwe. Mkongwe ana umri, lakini pia ana uzoefu, na watu humpisha njiani. Ndiyo maana tunasema mwanasiasa mkongwe na mwimbaji mkongwe bila kuwavunjia heshima. Magari makongwe, basi. Na "gari la michezo" nalikataa kabisa, maana msikilizaji ataona lori lililobeba timu ya mpira. Gari la mbio latosha, kwa sababu mbio kwetu ni mashindano na pia ni kasi. Anayekwenda mbio si lazima awe anashindana na mtu.

Mtindo wa sukani za mbao katika magari ya mbio ulipata jina kubwa Italia katika miaka ya 1950, kwenye karakana ya Enrico Nardi. Muundo wake ni rahisi kuueleza na mgumu kuutengeneza. Katikati ya ukingo mna duara jembamba la alumini. Vipande vya mbao vyenye unene wa milimita chache hupindwa kulifuata duara hilo, juu na chini, vikagandishwa kwa gundi tabaka kwa tabaka, viungo vyake vikipishana ili pasiwe na mahali pamoja pa kupasukia. Kisha hupigwa riveti, hutiwa tupa hadi ukingo uwe mviringo, na kwa nyuma huchongwa vishimo vya vidole. Sukani nyingi za Nardi zina kipenyo cha sentimita 36 au 39. Wa 39 ukinyooshwa ukingo wake hautimizi hata mita moja na robo, kwa hiyo mbao inayotakiwa ni kidogo sana, hata masalio ya seremala wa vitanda yanaweza kutosha.

Sehemu mbili za duara hili zinanivuta. Spoku, kwanza. Tumelizoea neno hili kwa sababu ya baiskeli, ambayo spoku zake ni nyaya. Vipande vitatu vya alumini vinavyobeba ukingo wa usukani si nyaya, ni mbavu. Wajenzi wa vyombo wana neno la mbavu za jahazi, mataruma, ambalo tangu zamani hutumika kwa vishikizo vya kuimarisha vitu vya aina nyingi. Usukani wenye mataruma matatu: nikiandika hivyo, seremala wa Lamu ataelewa kwamba nazungumzia kinachobeba umbo. Ni pendekezo langu, na nalitetea.

Ya pili ni kile kipande cha kati ambacho mafundi wa magari hukiita bosi. Kila aina ya gari ina meno yake kwenye ncha ya mhimili wa usukani, kwa hiyo duara moja la mbao haliwezi kukaa kwenye magari yote mpaka pawe na kipande cha kulipatanisha na mhimili. Hiyo ndiyo bosi. Msikilizaji hudhani kipande kimepewa jina la mkubwa wa kazi kwa kuwa kinaamuru. Sivyo. Kiingereza kina maneno mawili yanayotamkwa sawa: la mkubwa wa kazi limetoka kwa Waholanzi, na la kipande hiki limetoka katika Kifaransa cha kale, maana yake nundu. Sisi tuna kitovu. Kitovu cha gurudumu ni Kiswahili cha siku nyingi, na kina faida ambayo bosi haina, kwani humwambia mwanafunzi papo hapo kipande kinakaa wapi na kila kitu kimeunganishwa nacho.

Sasa mbao zenyewe. Nardi alitumia mahogani, lakini mwenye gari wa Meru hana haja ya kuagiza mti kutoka mbali. Msitu wa Imenti uko karibu na mji, na upande huu wa mashariki wa Mlima Kenya ndiko nyumbani kwa mti ambao wataalamu wa mimea huuita Vitex keniensis, Wameru huuita muuru na Wakikuyu muhuru. Mbao zake ni za hudhurungi hafifu, mistari yake huonekana wazi, na zimetengenezewa samani na mbao za kupamba kuta kwa miaka mingi. Wauza mbao, hata hivyo, huutaja kwa jina la Kiingereza ambalo likifasiriwa ni "mwaloni wa Meru".

Hapo ndipo ninaposimama kidete. Mti huu si mwaloni wala si ndugu wa mwaloni. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaujua mwaloni kwa habari za Abrahamu. Mialoni halisi katika Afrika huota kwa asili kaskazini tu, pande za Morocco, Algeria na Tunisia. Walowezi waliziona mbao zikawakumbusha za kwao, wakaupa mti jina la ukumbusho wao. Si mara yao ya pekee. Grevilea, inayopandwa kando ya mashamba ya kahawa na chai kote Embu na Meru na inayoitwa mukima au mubariti, nayo huitwa kwa Kiingereza mwaloni wa hariri, ilhali imetoka Australia na haina uhusiano wowote na mwaloni. Kwa hiyo mkulima wa Embu anaweza kuwa na mialoni ya aina mbili shambani, asiwe na mwaloni hata mmoja.

Kiswahili hakikuhitaji kubeba kosa hilo. Miti ya jamii ya Vitex inajulikana pwani tangu zamani kwa jina mfuu, wengine husema mfudu, na watoto huokota matunda yake meusi, mafuu, wakala. Wakamba huuita muu. Mfuu, muu, muuru, muhuru: ziseme kwa sauti, kisha usikie mwenyewe. Mti wa Meru una majani yanayogawanyika vijani vitano hivi kutoka kikonyo kimoja, na matunda meusi yanayolika, sawasawa na jamaa zake wa pwani. Jina lake la Kiswahili lingekuwa mfuu wa Meru, au mfuu-mlima, na mwanafunzi angejifunza kwa neno moja kile ambacho jina la Kiingereza linamficha: kwamba mti huu ni wa hapa, na ndugu zake wanaota hadi ufukweni.

Tofauti hiyo ina uzito nje ya kamusi. Mti huu huota kwa asili Kenya tu, na shirika la uhifadhi la IUCN limeuweka katika orodha ya miti iliyo katika hatari ya kutoweka. Mwaka wa 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na mojawapo ya sababu ilikuwa hali ya vyanzo vya maji vya milima kama Mlima Kenya. Mtu anayesikia "mwaloni" hudhani ni mgeni aliyeletwa pamoja na reli, ambaye akikatwa atapandwa mwingine. Anayesikia mfuu wa Meru anajua kwamba ukimalizwa Imenti na Chuka, hakuna kwingine pa kuutafuta. Ndiyo maana napendelea usukani wa masalio ya mbao za zamani, za mlango au kabati lililovunjwa, ambazo zimekwisha kukauka na hazitapinda tena.

Katika kulainisha mbao hizo tutatumia msasa, na leo msasa ni karatasi ya dukani yenye chembe za kukwaruza. Lakini msasa ni mti, jamaa ya mkuyu, wenye majani makavu ya kukwaruza ambayo maseremala walisugulia kazi zao kabla karatasi haijafika. Waliotangulia hawakuunda istilahi mpya walipoiona karatasi hiyo. Waliitazama kazi yake, wakaipa jina la jani. Hivyo ndivyo istilahi nzuri zinavyopatikana, na sijui kwa nini tulipofika kwenye injini tuliacha kufanya hivyo.

Labda hatukuacha kabisa. Sikiliza gereji yoyote ya Meru au Embu na utaona kwamba majina ya vitu ni ya Kiingereza, stelingi, nati, bolti, tai rodi, lakini vitenzi vyote ni vyetu. Magurudumu ya mbele hunyooshwa kwanza. Waya wa betri hutolewa, kitufe cha honi hung'olewa. Nati ya kati hulegezwa lakini haitolewi yote, huachwa ikishikilia mizunguko michache, kwa sababu usukani uliokwama miaka mingi ukiachia ghafla utampiga fundi usoni. Huwekwa alama, huvutwa, kitovu kipya huingizwa hadi meno yakamate, kisha nati hukazwa. Seremala aliyelichonga duara angesema amelipachika, kama apachikavyo mpini wa jembe. Fundi wa magari husema amefunga usukani, kama asemavyo amefunga injini, na katika kazi hii nampa yeye haki, kwa kuwa kupachika kunaridhika na kubana, lakini usukani lazima ushikwe na nati.

Hata maradhi ya usukani yana Kiswahili kamili. Fundi akijaribu gari baada ya kazi, kwenye mteremko wa kwenda Nkubu, atakwambia linavuta kushoto, au linatetemeka, au limekuwa zito, au linacheza. Kucheza ni kule duara kugeuka kidogo kabla tairi hazijasikia. Mwenye gari asiulaumu mfuu wake kwa hilo. Mchezo huo hukaa chini zaidi, kwenye viungo vya tai rodi vilivyolika na bushi zilizokwisha, na huko ndiko fundi atakakoingia na spana kabla ya kumkabidhi gari lake.