Jina Lililohama na Wafumaji: Sari ya Tangail katika Historia ya Majina ya Nguo

Katika Kibengali, neno taant lina maana ya kitanda cha mfumi, na sari ya pamba ya kuvaliwa kila siku huitwa sari ya taant, yaani nguo hutajwa kwa chombo kilichoizaa. Ni nguo ya mita tano na nusu hivi, nyepesi, yenye pindo la rangi iliyokoza, ambayo hutiwa wanga ili isinywee mwilini katika joto na unyevu wa Bengal. Hiyo ndiyo iliyovaliwa jikoni, sokoni na darasani. Hariri ilingoja arusi.

Miongoni mwa sari hizo, ile ya Tangail ina mkasa wake. Tangail ni wilaya iliyoko kaskazini-magharibi ya Dhaka, katika Bangladesh ya leo, na wafumaji wake mashuhuri walikuwa Wahindu wa jamii ya Basak. Bara Hindi lilipogawanywa mwaka 1947, wengi wao walianza kuvuka mpaka kuingia India. Wengine walifuata wakati wa vita vya 1971. Walitua hasa Phulia, jirani na Shantipur, mji wenye ufumaji wake wa kale. Hawakubeba vingi: ujuzi wa kutanda mtande, wa kupenyeza nyuzi za ziada kando ya mshindio ili yatokee maua madogo madogo, wa kupaka nyuzi uji wa bisi za mpunga, na jina. Nguo iliyofumwa Phulia ikaendelea kuitwa Tangail. Waliobaki kwao, Wahindu na Waislamu, hawakuacha kufuma, na nguo yao iliitwa Tangail vilevile, kwa haki isiyohitaji hoja.

Mwanaisimu hana sababu ya kulishangaa jambo hili. Kiswahili kina merikani, kitambaa cha pamba kilicholetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani katika karne ya 19. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko (1861–1865) viliikatiza biashara hiyo, na baadaye viwanda vya Bombay vikatengeneza kitambaa cha namna ileile. Wanunuzi wa pwani na bara waliendelea kuagiza merikani. Doti nayo, kutokana na dhoti ya Kihindi, ililiacha vazi la mwanamume ikawa kipimo cha nguo, na leo ni jozi ya kanga. Jina la nguo aghalabu huanza kwa kutaja mahali, kisha likatulia katika kutaja namna.

Sheria za biashara haziuvumilii uhamaji huo. Mwezi Januari 2024 India iliisajili sari hiyo kuwa bidhaa ya jimbo la West Bengal. Bangladesh ikapinga vikali, na mwezi Februari ikaisajili kuwa yake. Mmoja alidai kwa hoja ya mahali, mwingine kwa hoja ya mikono. Ni vyema kutambua kwamba usajili wa India uliongeza maneno "ya Bengal" baada ya Tangail, nyongeza ambayo jina lililo nyumbani kwake halingeihitaji.

Wakati huohuo mashine za umeme hutoa sari zenye maua yaleyale, kwa bei ambayo mfumaji wa mkono hawezi kuifikia. Sheria ya India ya mwaka 1985 ilivitengea vitanda vya mkono aina kadhaa za nguo, sari zikiwamo, ila utekelezaji wake umekuwa legelege. Katika maduka ya Kolkata, sari iliyotoka mashineni nayo huuzwa kwa jina la taant.