Kigeuzi tarakimu

Kompyuta haijui kuimba. Wimbo uliohifadhiwa ndani yake ni mfululizo wa namba, na spika, hata iwe ya bei gani, haisomi namba. Inachotii ni umeme unaopanda na kushuka. Lazima pawepo kifaa cha kuzigeuza namba hizo ziwe umeme. Madukani kinauzwa kwa herufi tatu tu: DAC.

Kwa Kiswahili jina la kuanzia halisumbui: kigeuzi. Kinachosumbua ni neno la kulifuata. "Kigeuza sauti" linavutia, ila linapotosha, maana ndani ya kifaa hicho hamna sauti yoyote. Sauti huzaliwa koni ya spika inaposukuma hewa. Anayelisikia anaweza kudhani ni mtambo wa kumfanya mzee wa makamo asikike kama mtoto. "Kigeuzi cha dijitali kuwa analogi" halina kosa, lakini ni maelezo zaidi kuliko jina. Makala haya yanachagua kigeuzi tarakimu, kwa kuwa tarakimu ndizo zinazoingia humo na kutoka zikiwa kitu kingine.

Nazo ni nyingi. Kanuni ya CD, iliyowekwa na Philips na Sony mwaka 1980, inataka mawimbi ya sauti yapimwe mara 44,100 kila sekunde kwa kila upande wa stereo, na kila kipimo kipewe ngazi moja kati ya 65,536. Sikio zima la kijana hufikia mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na kuinasa kunahitaji vipimo zaidi ya mara mbili ya hapo. Ile mia ya mwisho ina asili ya ajabu kidogo: studio za wakati huo zilihifadhi tarakimu za muziki kwenye kanda za video, na 44,100 ndiyo hesabu iliyoingia sawasawa katika mistari ya picha.

Kompyuta yenye tundu la headphone la milimita 3.5 tayari ina kigeuzi chake. Hapo unahitajika waya mmoja tu, wenye pini hiyo upande huu na pini mbili za RCA upande wa pili, nyekundu ya kulia na nyeupe ya kushoto, zinazochomekwa kwenye amplifaya palipoandikwa AUX, CD au LINE. Palipoandikwa PHONO paachwe. Mlango huo ulitengenezewa sindano ya santuri, ambayo hutoa milivolti chache tu, hivyo huukuza umeme kama mara mia kabla ya kuupitisha. Kompyuta ikichomekwa hapo, kinachotoka ni mkwaruzo.

Kigeuzi cha ndani kina majirani wabaya: feni, diski, saketi za umeme. Ndiyo maana wapenzi wa muziki hununua cha nje, kinachopokea namba kwa waya wa USB na kuzigeuza mbali na fujo hizo. Hata hivyo, ngurumo nzito isiyokoma mara nyingi haina uhusiano na ubora wa kigeuzi. Husababishwa na kompyuta na amplifaya kushika ardhi ya umeme katika sehemu mbili tofauti. Chaja ya kompyuta mpakato ikichomolewa na ngurumo ikakoma, mkosaji amepatikana. Vyombo vyote viwili vichomekwe kwenye ekstensheni moja.

Ikishindikana, kuna waya wa mwanga, TOSLINK, uliobuniwa na Toshiba. Unapitisha tarakimu kwa mwanga, kwa hiyo hakuna umeme unaovuka kutoka chombo kimoja hadi kingine. Amplifaya yenye tundu hilo ina kigeuzi tarakimu chake yenyewe, na kuinunulia kingine kabla ya kukisikiliza hicho ni haraka isiyo na sababu. Sabufa za sebuleni zenye bluetooth na tundu la flashi nazo zinacho, ingawa kwenye boksi hakitajwi.