Shetani kapewa sifa za Ike Zimmerman

Haya wadau, jana usiku bwenini ubishi ulikuwa mkali. Jamaa mmoja kashikilia kwamba Robert Johnson, yule mpiga gitaa wa bluzi wa Mississippi, alikwenda njia panda usiku wa manane akamuuzia shetani roho yake, ndipo vidole vikawa vya ajabu. Jana nilinyamaza, leo namjibu.

Yasiyo na ubishi ni machache. Johnson alirekodi nyimbo 29 tu, San Antonio mwaka 1936 na Dallas 1937. Akafa tarehe 16 Agosti 1938 karibu na Greenwood. Mengine yote ni vurugu. Kuzaliwa, wengi wanataja 8 Mei 1911, lakini cheti cha kifo kinampa miaka 26, na hesabu inagoma. Sababu ya kifo, cheti kinasema tu hakukuwa na daktari. Nyuma yake kuna maoni ya mwenye shamba, eti kaswende. Wanamuziki wenzake walisema alitiliwa sumu kwenye pombe kwa ajili ya mwanamke. Kaburi nalo, makanisa matatu yana jiwe lake! Na cheti chenyewe kilipatikana 1968, miaka 30 baadaye.

Sasa msikimbilie kusema ni maajabu. Angalia jina lake tu. Mume wa mama yake, Charles Dodds, alikuwa fundi samani mweusi mwenye ardhi yake pale Hazlehurst. Akagombana na wazungu wenye ardhi, akakimbilia Memphis kuokoa maisha, akajiita Spencer. Robert alizaliwa na baba mwingine, Noah Johnson, lakini utotoni akaitwa Spencer. Mtu wa namna hiyo utampata wapi kwenye madaftari ya serikali? Aliyeficha maisha yake si shetani jamani, ni ubaguzi.

Na hiyo hadithi ya njia panda, kumbe ilisimuliwa na LeDell Johnson kuhusu ndugu yake Tommy, mwanabluzi mwingine kabisa! Robert akabebeshwa baadaye. Ni kweli Son House alisimulia kwamba kijana huyu alikuwa akiboronga gitaa, akapotea, akarudi moto. Lakini huko alikopotea kuna mtu anaitwa Ike Zimmerman. Ndiye aliyemfundisha, na familia ya Ike ilieleza kwamba wawili hao walikwenda kupiga gitaa makaburini usiku ili wasisumbue watu.

Yaani ni mazoezi, wadau. Mwalimu, mwanafunzi na usiku mwingi wa kurudia kitu kilekile. Ukimpa shetani sifa, unawanyang'anya watu wawili weusi kazi ya mikono yao, na walikuwa wameshanyang'anywa mengi.

Jioni nikikutana na yule jamaa nitamuuliza swali moja tu: Ike Zimmerman unamjua?