Karafuu Iliyobaki Jikoni

Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo. Wafaransa waliutoa huko karne ya 18 wakaupanda Mauritius na Réunion, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukafika Unguja; wengi humtaja Saleh bin Haramil al-Abri kuwa ndiye aliyeuleta. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa wakati huo, alipoiona faida yake aliwahimiza wenye mashamba wapande, na watumwa kwa maelfu wakailipia faida hiyo kwa jasho na roho zao. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ikanusurika, na tangu hapo ndiyo kisiwa cha karafuu.

Hayo yameandikwa sana kwa kuwa yana fedha ndani yake. Forodha ilihesabu magunia yaliyopakiwa majahazini. Konzi iliyobaki jikoni haikuhesabiwa na mtu, nayo ilikuwa dawa.

Mtu akijaa tumbo, mama alichukua punje chache akazitwanga kidogo, akazichemsha pamoja na tangawizi na kijiti cha mdalasini, akampa anywe ingali moto. Gesi ikashuka, msokoto ukalegea. Mwenye kichefuchefu alitafuna punje moja taratibu. Na karafuu haikuwa peke yake: palikuwa na bizari nyembamba ya gesi, sanamaki ya choo kigumu, majani ya mpera kwa anayehara, na uji wa pilipili manga kwa mzazi. Waganga waliofuata tiba ya Kiarabu waliyapanga maradhi kwa baridi na moto, na karafuu wakaiweka upande wa moto, ya kufukuza baridi ya tumbo.

Maabara nayo ina maelezo yake. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni yujenoli, na majaribio kwa wanyama yameonyesha kuwa hulegeza misuli ya utumbo na kuongeza ute unaolinda ukuta wa tumbo. Kwa binadamu ushahidi bado ni mdogo, na kazi ya kuutafuta ndiyo ambayo ningependa kuona ikifanywa Pemba kwenyewe. Pale Wawi, Chake Chake, kiwanda hutoa mafuta kutoka kwenye makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Mafuta hayo si ya kunywa kamwe: wako watoto waliokunywa kiasi kidogo tu, maini yao yakaharibika. Bibi zetu walichemsha punje na kuzitumia kwa uchache. Kipimo hicho ni elimu, wala hakikuandikwa popote.

Pale Muhimbili, Dar es Salaam, walianzisha kitengo cha kuchunguza dawa za asili mwaka 1974, lakini watafiti hawawezi kufika kila jiko. Wewe mwenye bibi Wete au Mkoani, kaa naye wiki hii uandike: mti gani, sehemu ipi, kiasi gani, na nani asipewe.