Mstari wa Goyder: ngano inafika wapi?

Aliyeacha shamba huondoka nalo kichwani kama lilivyokuwa: mahindi huku, maharage kule. Lakini je, udongo ule utakubali mahindi mpaka lini? Swali hili lina historia, nasi tunaanzia mbali, Australia.

Mwaka 1865, baada ya ukame mkali, serikali ya koloni la South Australia ilimtuma mpima ardhi mkuu, George Goyder, akaonyeshe ukame ulifika wapi. Alizunguka kwa farasi zaidi ya kilomita 3,000. Vipimo vya mvua vilikuwa vichache, kwa hiyo alisoma mimea: pale vilipoanza vichaka vya nchi kavu, ndipo alipochora mstari. Kusini mwake mtu alime ngano, kaskazini afuge.

Miaka ya 1870 mvua zikawa nzuri. Wakulima walitaka ardhi zaidi, na wengine walisema kwamba mvua hufuata jembe. Tusiwacheke, nani hasadiki mvua aliyoiona kwa macho yake? Mwaka 1874 sheria ikaruhusu kulima ng'ambo ya mstari. Miji ikapimwa, nyumba za mawe zikasimama. Ukame wa miaka ya 1880 ukazihamisha familia nyingi. Kuta za nyumba zao, zisizo na mapaa, zipo hadi leo.

Goyder alitafuta mahali. Watafiti wa sasa wanatafuta pia wakati. Huchukua joto na mvua ambayo kila zao linahitaji, wakalinganisha na hali ya hewa inayokadiriwa kwa miaka ijayo, kisha wakaangalia ni lini zao litashindwa mahali hapo moja kwa moja, si kwa msimu mmoja tu. Mwaka 2016 utafiti wa namna hiyo ulitolewa kuhusu mazao 9 ya Afrika kusini mwa Sahara. Ulikadiria kuwa kufikia mwisho wa karne hii, hadi asilimia 30 ya maeneo ya mahindi na ya ndizi hayatafaa tena kwa mazao hayo, na ya maharage hadi asilimia 60. Mtama na mihogo vilionekana kuhimili zaidi.

Hesabu hiyo haijui shamba lako. Bonde la Rusizi lina joto, milima iliyo juu yake ina baridi. Maharage ya bondeni na ya mlimani hayawezi kuwa na tarehe moja. Unayekumbuka shamba lako lilikuwa wapi kwenye mteremko, tayari unajua jambo ambalo ramani ile haikuliona.